Nguvu ya Matroni Inatoka Wapi? Kweli na Uongo Kutoka Kalenga

Ukiishika barabara ya kutoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Ruaha, mwendo wa kilometa kama 15 unakufikisha Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo. Wageni hushuka hapo kwa ajili ya makumbusho yanayohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wenyeji wana safari nyingine. Jirani, juu mlimani, iko Tosamaganga, misheni ya Kikatoliki yenye hospitali ambayo kwa miaka mingi imekuwa hospitali teule ya Halmashauri ya Wilaya ya Iringa, pamoja na chuo kinachofundisha wauguzi. Mama wa Kalenga uchungu ukimgomea, huko ndiko anakokimbizwa.

Akifika, wa kwanza kumpokea ni nesi. Wa mwisho kumuaga ni nesi. Daktari yuko hapo katikati, anapita na kuondoka. Ajabu ni kwamba ukiuliza kijiweni nani mwenye nguvu kule hospitalini, nesi hatajwi. Na ukiwauliza wauguzi wenyewe nguvu ya kiongozi wao inatoka wapi, utapewa majibu ambayo nusu yake ni hadithi. Hapa nimeyapanga yanayosikika mara nyingi, kila moja na hukumu yake.

"Mwenye barua ya uteuzi ndiye mwenye nguvu."

Uongo, kwa sehemu kubwa, na Kalenga ilishalijua jambo hili kabla ya hospitali yoyote kujengwa.

Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, Wahehe waliteketeza kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 boma la Kalenga likaanguka. Mkwawa akaingia porini. Mwishoni mwa 1896 Wajerumani wakamtawaza ndugu yake, Mpangile, awe mtawala wa Wahehe. Mpangile alikuwa na kila ambacho cheo kinaweza kumletea mtu: jina, kibali cha serikali, bunduki nyuma yake. Februari 1897 waliomtawaza ndio waliomnyonga, wakimshuku kwamba kwa siri yuko upande wa kaka yake. Huyo kaka, asiye na boma wala kiti, kichwa chake kikiwa kimewekewa bei ya rupia 5,000, alilishwa na kufichwa na watu wake mpaka Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe.

Sisemi kwamba inchaji wa wodi atanyongwa. Nasema cheo kilichotoka juu, kisichokubaliwa na walio chini, ni kiti cha kuazima. Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven, waliziandika aina tano za nguvu ambazo mpaka leo hufundishwa katika vyuo vya uuguzi: nguvu ya cheo, nguvu ya kuzawadia, nguvu ya kuadhibu, nguvu ya ujuzi, na ile ya mtu anayefuatwa kwa sababu wenzake wanamheshimu na wangependa kuwa kama yeye. Mwaka 1965 Raven akaongeza ya sita, nguvu ya taarifa. Baadaye wengine wakaongeza nguvu ya kujuana na wenye maamuzi. Ukihesabu, cheo ni moja tu kati ya saba. Na hata hiyo moja, French na Raven walisema, haikai ndani ya barua. Inakaa kwenye imani ya anayeongozwa kwamba huyu ana haki ya kuniambia.

Ndiyo maana hospitali teule ni shule nzuri ya somo hili. Chini ya paa moja unakuta muuguzi aliyeajiriwa na jimbo la kanisa na mwenzake aliyeajiriwa na serikali na kupangiwa hapo. Wanavaa sare ile ile na wanashika zamu ile ile, lakini mshahara wa mmoja unatoka mlango huu na wa mwingine mlango ule. Matroni mmoja anawaongoza wote wawili. Kwa nusu ya watu wake barua yake ina meno. Kwa nusu nyingine anayeshikilia ajira yao ni ofisi iliyo mbali na hospitali. Akitegemea barua peke yake, saa nne ya asubuhi ameshaishiwa.

"Muuguzi kiongozi asipoogopwa, wodi inaharibika."

Uongo. Huu ndio uongo unaopendwa kuliko wote, na ndio unaogharimu zaidi, kwa hiyo nitakaa nao.

Kwanza tuulize: hofu hiyo ina mkono gani? Matroni hawezi kumfutia muuguzi leseni. Leseni ni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Hawezi kumfukuza mtumishi wa halmashauri. Mamlaka ya nidhamu ni Mkurugenzi wa Halmashauri, na kuna utaratibu wa kumpa mtu mashtaka yake na kumsikiliza. Anachoweza ni kuonya, kuandika na kupendekeza. Hata mkuu wa wilaya, ambaye sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inamruhusu kumweka mtu ndani kwa saa 48, hakupewa uwezo huo kwa ajili ya nesi aliyechelewa zamu. Umewekwa kwa ajili ya uhalifu na uvunjaji wa amani. Wako wakuu wa wilaya waliousahau mpaka huo mbele ya kamera. Nguvu ya kuadhibu aliyonayo muuguzi kiongozi, kwa hiyo, ni fupi sana ukilinganisha na sauti anayoitumia kuitangaza.

Pili, hofu inaficha makosa. Katikati ya miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alifuatilia makosa ya dawa katika wodi za hospitali mbili. Alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: timu nzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi katika kumbukumbu. Alipochimba akaelewa. Pale ambapo inchaji hakuwa mtu wa kuogopwa, wauguzi walisema walipokosea, na kosa lilirekebishwa. Pale palipokuwa na ukali, kimya kilisomwa kama ufanisi. Kila muuguzi wa hapa aliyewahi kuona dozi imerukwa na chati ikajazwa "imetolewa" anajua kimya hicho kinavyofanana.

Tatu, hofu huteremka ngazi. Anayekaripiwa asubuhi mbele ya wagonjwa atamkaripia mama anayejifungua jioni. Tanzania tuna ushahidi wetu. Mradi wa Staha, uliofanyika Korogwe na Muheza mkoani Tanga, uliwauliza akina mama jinsi walivyotendewa wakati wa kujifungua. Wakiwa wanatoka tu hospitalini, asilimia 19 walisema walidharauliwa au kunyanyaswa. Walipofuatwa majumbani wiki chache baadaye, walikuwa asilimia 28. Walio bado mlangoni mwa hospitali hawakuthubutu kusema yote. Dawa iliyojaribiwa baada ya hapo haikuwa adhabu. Wananchi na watumishi walikaa pamoja wakaandika mkataba wa huduma, kisha watumishi wenyewe wakatafuta mambo madogo ya kubadilisha katika kituo chao. Uwezekano wa mama kunyanyaswa ulishuka kwa takribani theluthi mbili. Sijui kituo chochote kilichofika hapo kwa barua za onyo.

Adhabu ina mahali pake. Anayeuza dawa za wodi, anayemwacha mgonjwa na kuondoka, huyo afikishwe panapohusika, tena bila kuchelewa. Lakini hiyo ni silaha ya siku moja katika mwaka. Anayeitoa kila siku anawaonyesha watu kwamba hana nyingine.

"Matroni hana fedha, kwa hiyo hana cha kumzawadia mtu."

Uongo. Ana rosta.

Anayepanga zamu za usiku, anayetoa ofu ya Krismasi, anayeamua nani aende semina yenye posho na nani abaki na wagonjwa arobaini, huyo ana zawadi nyingi kuliko anavyojua. Anamwandikia mtu maoni ya utendaji, enzi za OPRAS iliyoanza 2004 na sasa katika mfumo wa PEPMIS uliochukua nafasi yake, na maoni hayo yanagusa kupanda daraja. Ubaya wa zawadi hizi ni kwamba zinaonekana na kila mtu. Semina tatu zikimwangukia mtu yule yule, wodi nzima inajua kabla barua haijapigwa muhuri. Rosta iliyobandikwa ukutani mwezi mmoja kabla, ambayo kila mtu anaweza kuihesabu kwa kidole, inampa kiongozi nguvu kubwa kuliko ile anayoitoa mfukoni kila Ijumaa. Watu watavumilia usiku mgumu. Upendeleo hawauvumilii.

"Ujuzi ni wa daktari, nesi anafuata maelekezo."

Uongo, ingawa ulitungiwa adabu maalumu ili uonekane kweli. Mwaka 1967 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Leonard Stein, aliuandika mchezo ambao kila hospitali inaucheza: nesi anajua mgonjwa anahitaji nini, lakini lazima aseme kwa namna itakayomfanya daktari aone wazo limetoka kwake. "Daktari, huyu mama presha yake imefika hapa, sijui unaonaje." Daktari anaona. Kila mtu anabaki na heshima yake. Shida ni dakika zinazopotea katika adabu hizo, hasa usiku.

Kwenye zahanati za vijijini hakuna hata huo mchezo, kwa sababu mara nyingi hakuna daktari wa kucheza naye. Mtoto akizaliwa bila kulia, kinachohitajika ni mikono inayojua kumkausha, kumchochea na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua yalijaribiwa Tanzania katika hospitali nane kuanzia 2009, na matokeo yalichapishwa 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliozaliwa wafu bila kuoza walipungua kwa asilimia 24. Mikono iliyofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wakunga. Hakuna cheo kilichobadilika. Hakuna aliyepandishwa daraja kwanza ndipo watoto wapumue.

Hapa ningependa wauguzi viongozi wajiangalie kidogo. Nguvu ya ujuzi ina tabia ya kutoka mtu anapopewa ofisi. Yule aliyekuwa mkunga hodari, ambaye wenzake walimwita saa nane usiku, miaka mitano baadaye anashika faili tu na hajamshika mtoto mchanga tena. Bado anatoa amri za wodi ya wazazi. Vijana wanamwitikia "ndiyo mama" na kufanya wanachokijua. Dawa yake ni ndogo: zamu moja moja, glavu mkononi, mbele ya walio chini yake.

"Rejesta ni kazi ya karatasi, haina nguvu yoyote."

Uongo, na ningeweza kuandika makala nzima juu ya hili.

Florence Nightingale anakumbukwa kwa taa. Kilichowatisha wakubwa wa jeshi la Uingereza hakikuwa taa. Alifika Scutari Novemba 1854 na wanawake 38, akakuta askari wanakufa zaidi kwa uchafu na maradhi kuliko kwa risasi. Aliporudi nyumbani hakwenda kulalamika. Alikusanya vifo mwezi kwa mwezi, akavichora katika mchoro wa duara wenye rangi ambao hata waziri asiyependa hesabu aliuelewa kwa kutazama. Hiyo ilikuwa 1858, mwaka ambao pia alikubaliwa kuwa mwanamke wa kwanza katika chama cha wanatakwimu cha London. Sidney Herbert, waziri aliyempeleka vitani, alikuwa rafiki yake. Tazama alivyoziunganisha: taarifa na kujuana na wakubwa, bila cheo chochote serikalini.

Sasa rudi kwenye wodi ya wazazi ya kwetu. Kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kiko mezani, kimejaa majina, uzito wa watoto, njia ya kujifungua, hali ya mama. Mchana anakijaza muuguzi, usiku anakijaza muuguzi. Mwisho wa mwezi takwimu zinaingizwa kwenye mfumo, zinapanda wilayani, mkoani, wizarani. Na katika kikao cha halmashauri anayezisoma ni mtu mwingine. Muuguzi amelima, amepalilia, amevuna, kisha akawakabidhi wengine ghala na funguo zake.

Nguvu ya taarifa inaanza siku ambayo inchaji anakifungua kitabu hicho kwa maswali yake mwenyewe. Akina mama wangapi walifika mwezi huu wakiwa wamechelewa, na walitoka vijiji gani? Wangapi walihitaji damu ikakosekana? Siku zipi vifo vya watoto vinatokea, na siku hizo zamu ilikuwa na watu wangapi? Majibu haya hayahitaji kompyuta. Yanahitaji saa mbili na kalamu ya rangi. Muuguzi anayeingia kikaoni akisema "tumezidiwa" atahurumiwa. Anayeingia akisema "vifo vyetu vingi ni vya usiku wa Jumamosi, na usiku huo kuna mkunga mmoja" amemfunga mwenyekiti mikono.

"Muuguzi wa chini, au mhudumu wa afya, hana nguvu."

Uongo mtupu. Mwaka 1962 David Mechanic, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika juu ya nguvu za watu wa ngazi za chini, na mmoja wa mifano yake ulikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili ambako wahudumu wa wodi waliweza kumtia adabu daktari kwa kuacha tu kumsaidia: karatasi zikakosekana, taarifa zikachelewa, wagonjwa wote wakapelekwa kwake kwa mara moja. Anayejua funguo za stoo ziko wapi, anayejua kifaa kipi kinadanganya, anayezungumza Kihehe na bibi asiyejua Kiswahili cha hospitalini, ana nguvu kwa sababu bila yeye kazi inasimama. Kiongozi mgeni aliyetoka Dar es Salaam au Mbeya na kuripoti juzi afanye haraka kumjua mtu huyo.

"Uuguzi ni wito. Anayetafuta madaraka amepotea njia."

Hii inasemwa kwa sauti ya upole, mara nyingi na mgeni rasmi, tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, mbele ya wauguzi walioshika mishumaa. Ni nusu ya kwanza ya ukweli ikitumiwa kuua nusu ya pili.

Nightingale mwenyewe aliamini Mungu amemwita. Akatumia wito huo kuwasumbua mawaziri kwa miongo. Na karibu zaidi na nyumbani yuko Lucy Lameck, mzaliwa wa Njoro, Moshi, 1934. Alisomea uuguzi, kisha akakataa kuutumikia chini ya utawala wa Mwingereza. Akaingia TANU, akasoma Ruskin College kule Oxford, akaingia bungeni, na katika miaka ya mwanzo ya uhuru akawa mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa wa uwaziri, akiwa waziri mdogo wa ushirika na maendeleo ya jamii. Baadaye alihudumu pia upande wa afya. Hakuna anayesema Lucy Lameck alipoteza njia. Wito bila madaraka unamfanya muuguzi awe mtu wa kushukuriwa mwaka hadi mwaka na kutoulizwa chochote.

"Wanawake ndio wengi katika uuguzi, kwa hiyo uongozi ni wao."

Kweli kwa vichwa, uongo kwa viti. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 iliwahesabu wauguzi karibu milioni 28 duniani, asilimia 90 wakiwa wanawake, na kati ya nchi 115 zilizojibu swali hilo, 82 ndizo zilizokuwa na muuguzi mkuu wa serikali. Tanzania tunaye, na kila halmashauri ina muuguzi mkuu katika timu ya uendeshaji wa huduma za afya. Kukaa ndani ya timu ni jambo moja. Kushika kalamu ya bajeti ni jambo lingine.

"Nguvu pekee ya wauguzi ni mgomo."

Uongo hapa kwetu, kwanza kisheria: sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 imeiweka huduma ya afya katika kundi la huduma muhimu zisizoruhusu kugoma. Kenya wauguzi waligoma kuanzia Juni 2017 mpaka mwanzoni mwa Novemba, siku zipatazo 150, wakidai makubaliano yao ya posho na mishahara. Wananchi waliumia sana, na wauguzi nao walikaa miezi bila mshahara. Walionyesha kwamba umoja ni nguvu ya kweli, na pia kwamba ukianza na silaha ya mwisho hubaki na ya kuongeza. Kwa Tanzania umoja huo una milango yake: Chama cha Wauguzi Tanzania, TANNA, kwa mambo ya taaluma, na chama cha wafanyakazi, TUGHE, kwa mambo ya ajira. Wengi wanakatwa ada kila mwezi na hawajawahi kuhudhuria kikao cha tawi. Hiyo nayo ni nguvu iliyoachwa ofisini kama mwavuli.

"Kiongozi akipendwa na watu, inatosha."

Nusu kweli. Mwaka 2022 muuguzi wa Kenya, Anna Qabale Duba wa Marsabit, alishinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster yenye thamani ya dola 250,000. Alikuwa amejenga shule kijijini kwake, ambako watoto husoma mchana na wazazi wao jioni, na kupitia hapo akafundisha afya na kupinga ukeketaji na ndoa za utotoni. Hakuwa na mamlaka ya kumwamuru mzazi yeyote. Alikuwa mtoto wa pale pale, aliyesoma, aliyerudi. Watu walimsikiliza kwa sababu hiyo. Hakuna waraka unaoweza kumpa mtu nguvu ya namna hiyo, na hakuna uhamisho usioweza kuivunja. Ndiyo maana kumhamisha kila baada ya miaka miwili muuguzi aliyeaminika kijijini ni ubadhirifu, hata kama hakuna mkaguzi anayeuandika.

Lakini kupendwa hakununui mfuko wa kumpa mtoto hewa. Nina mashaka na makala zinazomsifu muuguzi kwa "ushawishi" wake zikimwacha hana hata sahani ya kupimia damu iliyomwagika. Rosabeth Moss Kanter aliliweka wazi mwaka 1977 katika utafiti wake juu ya kampuni kubwa moja ya Marekani: mtu anayepewa jukumu bila taarifa, bila vifaa na bila wa kumuunga mkono huishia kuwa mkali na mwenye wivu wa madogo aliyonayo. Tunamwita matroni mkorofi. Mara nyingi ni matroni aliyenyimwa.

Na fedha sasa ziko karibu kuliko zamani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya inaingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo, zahanati ikiwemo, badala ya kuishia halmashauri. Mpango wa kuzitumia unaandikwa kituoni na kupitia kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, yenye wawakilishi wa wananchi. Katika kikao hicho ndipo inapoamuliwa kama zitanunuliwa glavu na dawa za wazazi au viti vya wageni.

Basi wewe muuguzi kiongozi, uwe Kalenga, Mafinga au Tukuyu: ulizia tarehe ya kikao kijacho cha kamati ya kituo chako, na uende na Kitabu namba 12 kwapani, kikiwa kimepigwa mstari pale vifo vilipotokea. Nanyi wajumbe wa kamati mnaochaguliwa na vijiji, msifungue bajeti kabla huyo hajasema.